Koo Moja, Skuli Mbili: Klasiki, Taarab na Zenji Flava Darasani

Msichana mmoja wa Wete alinijia mwaka juzi akiwa amepwelewa na sauti. Kwao Pemba alilelewa na kasida za madrasa. Alipohamia Unguja akaanza kuimba kwenye maharusi, mbele ya kibodi na spika zinazomzidi urefu. Kabla yangu alishapitia kwa walimu wawili. Wa kwanza, mwenye elimu ya klasiki ya Ulaya, alimtaka ashushe zoloto (kisanduku cha sauti kilichomo kooni), aviringe mdomo na aache kabisa kupaza kwa kifua, la sivyo koo litamharibikia. Wa pili, mtu wa bendi, alimwambia hayo ni mambo ya opera, yatamfanya aimbe kama mgeni kwao. Apaze tu, maiki itamalizia. Akanitazama: "Sasa Maalim, nimfuate yupi?"

Nikamwambia awafuate wote wawili. Lilikuwa jibu la haraka na halikumfaa kitu. Wiki ya pili alirudi amekauka zaidi, kwa sababu alifanya hivyo hivyo nilivyomwambia: noti za juu aliziimba kwa namna ya yule wa kwanza, za chini kwa namna ya yule wa pili, na pale katikati, penye ufa ambapo sauti huvunjika, akasukuma. Makala haya ni jibu ambalo ningempa siku ile laiti ningelifikiri kwanza.

Misuli miwili, si sauti mbili

Ndani ya zoloto, kile kinundu kinachochomoza shingoni kwa wanaume, mna nyuzi mbili za sauti. Kwa kweli si nyuzi bali ni mikunjo ya nyama laini, na kwa mwanamke urefu wake haufiki hata sentimita 2. Pumzi ikipita kutoka chini hugongana na kuachana, zikagongana tena. Ukiimba noti ile ambayo wapigaji wa fidla hulinganishia ala zao, zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Chukua shairi la taarab la dakika 10, toa nusu yake ambayo ni ya ala, kisha tuseme mwimbaji anazunguka kwenye mitetemo 300 hivi kwa sekunde. Hiyo ni migongano 90,000 kwa shairi moja, na harusi haina shairi moja.

Nyuzi hizi zinaongozwa zaidi na misuli ya aina mbili. Mmoja umo ndani ya mikunjo yenyewe. Ukijikaza, mikunjo inafupika, inakuwa minene na kugusana kwa kina. Sauti inatoka nzito, yenye mwili. Hiyo ndiyo tunayoiita sauti ya kifua. Mwengine upo nje, mbele ya zoloto, nao kazi yake ni kuinamisha gegedu ili mikunjo inyooke iwe myembamba, iguse ukingoni tu. Hiyo ni sauti ya kichwa. Kifuani hamtoki sauti, na kichwani pia hamtoki. Majina haya yametokana na mahali ambapo mwimbaji anausikia mtetemo mwilini mwake. Mwalimu mmoja Mhispania, Manuel García, mwaka 1854 alijitazama koo lake mwenyewe kwa kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zikifanya kazi. Ubishi wa kifua na kichwa ungekwisha siku ile, lakini mwimbaji haimbi akijitazama kiooni, anaimba kwa anachokihisi.

Kila anayeimba, awe anaimba opera, kasida au zenji flava, ule muziki wa kisasa wa vijana wa Zanzibar, anaitumia misuli hiyo hiyo. Skuli zinatofautiana kwa jambo moja kubwa: wapi mmoja umpokee mwenzake. Mwanamke aliyefunzwa klasiki ya Ulaya huanza kupokezana mapema, mnamo mitetemo 330 kwa sekunde, na nyimbo zake nyingi huishi huko juu ya ufa. Mwimbaji wa taarab na wa zenji flava hukibeba kifua juu zaidi, kwa sababu shairi letu linataka lisikike kama maneno ya mtu anayesema. Hakuna kati ya hizo iliyo dhambi. Kinachoumiza ni kuubeba unene wote ule ule huku noti zinapanda. Nahodha upepo ukizidi hupunguza tanga. Huyu wetu tanga lote liko juu, upepo unazidi, na yeye anaongeza upepo.

Ndipo inapoingia ile inayoitwa sauti mchanganyiko, ambayo kwenye simu zetu inauzwa kama siri, eti kuna sauti ya tatu iliyofichwa na ukilipa utaonyeshwa mlango. Sauti ya tatu haipo. Upo upunguzaji wa unene kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kabla hujafika penye ufa. Mtu wa klasiki anaufikia kwa kushuka: anaanza na wepesi wa juu na kuuteremsha chini bila kuuacha. Mtu wa nyimbo za kisasa anaufikia kwa kupanda: anaanza na sauti ya kusemea, kama anayemwita jirani ng'ambo ya uchochoro, kisha kila noti inayopanda anaipunguzia uzito. Wote wanakutana katikati. Yule msichana alihitaji njia zote mbili, lakini kwa mpango: wiki tatu za kushuka tu, ndipo tukaanza kupanda.

Mzigo wa koo na mzigo wa ukumbi

Hapa ndipo palipofungamana, na ndipo walimu wake wawili walipogombana bila kukutana.

Klasiki ya Ulaya ilikua katika kumbi ambazo hazikuwa na umeme. Mwimbaji mmoja alisimama mbele ya wapigaji makumi kadhaa na alitakiwa asikike mpaka kiti cha mwisho. Asingeweza kuwashinda kwa nguvu. Mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza katika miaka ya 1970 jinsi wanavyopenya: nguvu kubwa ya okestra imejaa kwenye mitetemo ya chini, karibu na 500, na kuelekea 3,000 inakuwa imepungua sana. Mwimbaji aliyefunzwa hulitengeneza koo lake, kwa kushusha zoloto na kupanua nafasi iliyo juu yake, ili mwangwi wake ukusanyike mnamo 3,000, mahali ambapo okestra imeacha nafasi na sikio la binadamu lina wepesi mkubwa wa kusikia.

Kwa hiyo lile zoloto la chini na ule mdomo wa mviringo si afya ya koo, ni jibu la ukumbi. Mwalimu anayemwambia mwimbaji wa harusi kwamba asiposhusha zoloto ataumia, amechanganya vitu viwili vilivyokuja katika sanduku moja.

Wala si jibu pekee. Nenda mnadani asubuhi samaki wanaposhuka, umsikilize dalali. Hana maiki, ana kelele pande zote, anatoka kesho na keshokutwa na sauti bado anayo. Zoloto lake halijashuka, limepanda kidogo. Mdomo uko wazi, sauti imebanwa juu ya nyuzi, nyembamba na kali kama ya nzumari. Waadhini wa zamani waliopanda minarani kabla ya spika nao walikuwa na ukali wa namna hiyo. Hata fizikia iko upande wao. Kila sauti ya kibinadamu huja na pacha zake za juu. Ukiimba noti ya mitetemo 400, pacha wa pili yuko 800, na mdomo wa mwanamke unaosema "a" kwa uwazi una mwangwi wake karibu na hapo hapo. Vikikutana, sauti inapasua hewa bila ya jitihada kubwa. Ndiyo maana vipokeo vinavyopazwa kwa "a" vina raha yake, na ndiyo maana mtu wa bendi hakuwa mjinga alipomwambia msichana apaze. Alisahau tu kumwambia namna ya kupunguza tanga.

Kisha maiki ikaja. Kurekodi kwa umeme kulianza mwaka 1925, na haukupita muda Marekani wakatokea waimbaji wanaonong'ona, kama Bing Crosby, wakasikika na umati. Tatizo la ukumbi likaondoka. Tatizo la koo likabaki pale pale: nyuzi bado zinagongana mara mia tatu au mia nne kwa sekunde, na bado zinahitaji pumzi inayotoka kwa kipimo. Lakini skuli za muziki za Magharibi ziliendelea kwa miongo mingi kufundisha kana kwamba maiki haijazaliwa, na nyimbo nyengine zote zikaitwa tu "zisizo za klasiki", kama mtoto asiyepewa jina. Mwalimu wa Marekani Jeannette LoVetri ndiye aliyependekeza mwaka 2000 ziitwe muziki wa kisasa wa kibiashara, ili zipate kufundishwa kwa utaratibu wake. Jina lenyewe halinipendezi, linanuka duka, lakini hoja yake ni sahihi.

Nikipanga somo sasa najiuliza swali moja kwa kila zoezi: hili ni la koo au la ukumbi? Kutoa pumzi kwa kipimo, mbavu zikibaki wazi badala ya kuanguka mara moja, ni la koo. Namfundisha kila mtu. Kuanza noti bila kuipiga kwa kishindo wala kuivujisha hewa, la koo. Zoloto la chini, la ukumbi. Ukali wa dalali, wa ukumbi. Kuimba karibu na maiki kwa sauti ndogo, la ukumbi. Haya ya ukumbi ni nguo, na mtu huvaa nguo kwa shughuli.

Klasiki yetu wenyewe

Tukisema klasiki, kila mtu anaangalia Ulaya. Visiwa hivi vina klasiki yake. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni, ala ya nyuzi nyingi. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa 1905. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, akauingiza uimbaji wa Kiswahili ndani ya santuri. Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliendelea kupanda jukwaani akiwa mzee sana, na sauti yake ya ukwaruzo ingemfukuzisha kwenye darasa lolote la opera siku ya kwanza. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kiliwaweka udi, ganuni na ngoma chini ya paa moja na muziki wa ng'ambo. Mchanganyiko tunaoubishania una makazi hapa zamani.

Na kabla ya taarab kuna chuoni, yaani madrasa. Hapa niseme kwa adabu: simfananishi msomaji wa Qurani na mwimbaji, na wako masheikh wasiotaka hata vitajwe katika sentensi moja. Nazungumzia koo. Mtoto aliyefunzwa tajwid, kanuni za kusoma Qurani, akiwa na miaka 6 ameshajua vitu ambavyo mwanafunzi wa Ulaya huvianza akiwa na miaka 16. Anajua kila herufi inatoka wapi mdomoni. Anajua kuvuta madda, yaani kurefusha irabu, kwa haraka (vipimo vya muda) mbili, nne au sita bila kubahatisha. Anajua kwamba pumzi haivutwi popote, kuna mahali pa kusimama na mahali ambapo ukisimama umeharibu maana. Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu, alianza kwa kisomo na kasida za dini, na kila aliyemsikiliza anasikia malezi hayo kwenye herufi zake.

Nilipomwambia msichana wa Wete "ongoza pumzi kama unavyosoma aya ndefu", aliacha kubana mabega papo hapo. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa amehangaika naye miezi miwili juu ya kiwambo cha tumbo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kiwambo, kusema kweli, hakina hisia za kukutosha kukiongoza moja kwa moja, na kazi yake kubwa ni wakati wa kuvuta pumzi. Ukimwambia mtu "imba kwa tumbo" anachofanya ni kulikaza tumbo kama anayeinua gunia la karafuu.

Mahali ambapo mchanganyiko unakataa

Si kila kitu kinachanganyika, na mwalimu anayeahidi hivyo sina imani naye.

Sauti ya klasiki ya Ulaya ina mtikisiko wa kudumu, noti ikienda juu na chini kama mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Taarab asilia nayo ina mapambo: mwimbaji anaipinda noti, anaizungusha, anaigusa jirani yake na kurudi. Mapambo hayo yana ukubwa na kasi inayokaribiana na mtikisiko ule. Ukiimba kwa mtikisiko wakati wote, mapambo yanazama ndani yake kama maandishi yaliyoandikwa juu ya kanga yenye maua mengi. Kwa hiyo namfundisha mtu kuizima mitikisiko, noti isimame wima kama mlingoti, ndipo pambo liwekwe mahali pake. Mwanafunzi wa klasiki anaona kama namnyang'anya roho.

La pili ni kibodi. Mazoezi ya kupasha sauti, karibu dunia nzima, hupigwa kwenye kinanda chenye nusu toni 12. Lakini shairi lililotungwa kwa bayati, mojawapo ya ngazi za noti za Kiarabu, linataka noti ya pili iliyo kati ya mbili za kinanda, takriban robo toni kutoka kila upande. Mpigie mtoto kinanda kila asubuhi kwa mwaka mzima na noti hiyo itamtoka sikioni. Atakuwa na koo zuri na bayati iliyonyooshwa pasi. Udi hauna vituo vya kubana vidole, fidla pia. Kwa mwanafunzi wa taarab napasha sauti kwa udi hata kama mimi mwenyewe ni mpigaji wa kubahatisha. Zenji flava inayotengenezwa kwenye kompyuta haina shida hiyo, kwa sababu noti zenyewe zimeshanyooshwa.

La tatu ndilo ninalolipenda, maana linagusa lugha. Kiswahili ni zawadi kwa mwimbaji: irabu tano safi, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu, hivyo mdomo haufungwi na rundo la konsonanti. Tuna hata ng' mwanzoni mwa neno. Walimu wa sauti duniani huwafanyisha watu zoezi la mlio huo kwa shida, sisi tuna mtaa mzima unaoanza nao. Mwambie mwanafunzi aushikilie mlio wa mwanzo wa "Ng'ambo" kwa sekunde tatu, kisha aufungue taratibu kuingia kwenye "a" bila ya sauti kurudi nyuma kooni. Zoezi hilo linafaa kwa taarab, kwa opera na kwa kijana wa kurap.

Lakini kuna "i". Mwangwi wa kwanza wa mdomo unaposema "i" uko chini, karibu na mitetemo 300. Noti ikipanda juu ya hapo, mdomo na nyuzi zinavutana, sauti inakuwa nyembamba au koo linabana. Klasiki ya Ulaya inalitatua bila ya kusita: fungua mdomo, "i" ielekee "e". Sawa, lakini mashairi yetu yana vina. Beti nzima imejengwa juu ya "-ni", mwimbaji akaimba "-ne", na mshairi aliyekaa mstari wa mbele amekunja uso. Nimejaribu njia nyingi. Inayofanya kazi ni kuianza irabu ikiwa "i" halisi, sikio la msikilizaji likishaisajili, ndipo mdomo ufunguke kwa noti iliyobaki. Ikishindikana, shusha ufunguo wa wimbo. Wapigaji watanung'unika.

Dawa za koo

Kwa haraka tu, maana kila mtu ana dawa yake. Tangawizi, asali na karafuu mdomoni vinastarehesha, lakini unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Kikipita utakohoa mpaka machozi. Kinachozifikia ni hewa, ndiyo maana kujifukiza mvuke kunasaidia, na chumba chenye kiyoyozi kinakausha. Maji yanywewe tangu mchana, si dakika ya kupanda jukwaani.

Mrija, huo ndio ninaoutetea. Ule ule wa dafu. Tia ncha yake ndani ya glasi ya maji, uuzamishe kina cha vidole viwili, kisha imba ndani yake mpaka yatoke mapovu. Msukumo wa hewa unaorudi nyuma huzisaidia nyuzi kutetema bila ya kugongana kwa nguvu, na mtaalamu wa Marekani Ingo Titze ameeleza kwa urefu kwa nini. Zoezi hili halina skuli. Na mtu aliyepwelewa na sauti zaidi ya wiki mbili au tatu asije kwangu, aende kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Msichana wa Wete nilimpeleka huko. Hakukutwa na kinundu kwenye nyuzi za sauti, alikutwa na uvimbe wa kuchoka, akanyamazishwa siku kadhaa, kisha tukaanza mrija. Miezi minane baadaye aliimba kwenye harusi moja. Beti za mwanzo aliziimba karibu na maiki, kwa sauti ya kusemea. Kipokeo alikipaza, maiki akiisogeza mbali, na kwenye noti ya juu kabisa nilisikia tanga likipunguzwa, wala hakuna mwengine aliyesikia. Katika beti ya mwisho alivuta mstari mzima bila ya kuchukua pumzi, akaufunga kwa "i" iliyokaa sawasawa.

Bibi mmoja aliyekaa mbele akainuka kumtunza. Akamwekea noti mkononi, akamsogelea sikioni: "Umesoma chuo gani, mwanangu?"

Hakuwa anauliza chuo cha muziki.